Hema nilinunua mimi, kwenye gari nikalala mimi

Anti, shikamoo. Adhana ya alfajiri imeshapita, mimi sijafumba jicho, na baba watoto anakoroma hapa pembeni. Jana usiku katamka tena: Desemba tunarudi Lushoto, na wifi anakuja.

Lile hema nilinunua mimi. Kariakoo, kwa pesa yangu ya mchezo, hema la watu wanne. Tulipanga twende sisi na watoto wetu tu, tupige kambi msitu wa Magamba, waione na milima maana wanajua Tabata tu. Asubuhi ya safari wifi huyo mlangoni, na wanawe, na mabegi. Sikuambiwa. Haya, ndugu ni ndugu, nikapakata. Tulipoacha barabara kuu pale Mombo na kuanza zile kona za kupanda Soni, mwanawe akanitapikia khanga. Sikusema neno.

Unaijua Lushoto mwezi wa saba, Anti. Jua likizama ukungu unashuka mpaka kwenye sufuria, na sisi tumezoea kulala na feni. Nilibaki kambini napuliza kuni mbichi, wao wameenda na mwongozaji kuangalia mbega. Wakarudi, wakala, wakashiba. Ndipo baba watoto akasema mbele ya wote, "Wewe na mdogo laleni kwenye gari, dada hajazoea shida."

Dada hajazoea shida! Mimi ndiyo niliyezoea?

Nikalala kwenye gari. Siti hailali ikaisha, breki ya mkono inanichoma mbavu, vioo vinatiririka maji, mtoto ananyonya usiku kucha. Kwenye hema langu nawasikia wanacheka.

Yeye anajitetea eti garini kulikuwa na joto, alimfikiria mtoto. Kama ni joto, si angempeleka dada yake? Usinione mchoyo, Anti. Huyo wifi nimempikia miaka. Na ni kweli ada ya mkubwa muhula uliopita alilipa yeye, baba watoto alipokwama, hilo silikatai, na hata nikitaka kulisahau mwenyewe ananikumbusha. Lakini ada ni ada, hema ni hema.

Shoga yangu kasema niliuze. Nikalipiga picha, nikaweka statasi, nikaifuta kabla hajaiona mtu. Watoto kutwa mbega, mbega. Na mimi asubuhi ile nilipofungua mlango wa gari, ile hewa, wale ndege, nilitamani tusiondoke. Kwa hiyo kule sirudi kulala garini. Nikirudi, nalala ndani. Juzi nimeulizia bei ya hema la watu sita, halafu nikajiuliza, nikilinunua si atalala humo yeye tena?

Mama yangu anasema nimalizane na mume wangu, wifi nisimguse. Sasa mume nikimgusia jambo, usiku huohuo dada yake ameshapigiwa simu. Na Januari ada inadaiwa tena.

Hebu niambie Anti, namwambiaje baba watoto kuwa safari hii twende wenyewe bila maneno kufika kule? Au ninyamaze kwanza mpaka ada ilipwe? Ila dada hajazoea shida, mbele ya wanangu, hilo nitalinyamazia vipi?

Jina langu usiliweke, na Tabata uiondoe. Wifi anakusoma.