Risala ya Wanafunzi wa Ufundi wa Redio za Baharini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, manahodha na wavuvi mliotoka bandarini kuja kutusikiliza, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum.

Karibu sana Tanga, na karibu kwenye karakana yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nahodha anayevuka kwenda Pemba akipatwa na shida huita kwenye chaneli 16, yaani megahetsi 156.8. Redio ya chomboni hutoa hadi wati 25. Wengi hudhani wati ndizo zinazookoa. Mwaka huu tumejifunza kwamba wimbi linaweza kufika na neno lisifike.

Redio hizi hupitisha sauti za kati ya hetsi 300 hivi na 3,000 tu. Chini ya hapo kuna mngurumo wa injini na kishindo cha upepo kwenye maiki. Juu ya hapo shaa ya redio, ule mvumo wa "shaaa" usio na neno, huzidi. Chujio hufanya kazi ya kifumbu: tui lipite, chicha zibaki. Lakini kifumbu hiki nacho kina gharama yake. Ukali wa sauti ya "s" uko zaidi juu ya hetsi 3,000, kwa hiyo redioni "saini" na "faini" hukaribiana mno. Ndiyo maana jina la chombo hutajwa herufi kwa herufi, Alfa, Bravo, na namba tarakimu moja moja.

Somo lililotugusa kuliko yote ni hili. Katika redio za FM, shaa huongezeka kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Basi redio inayorusha huzinyanyua kwanza sauti nyembamba, desibeli 6 kila masafa yanapoongezeka maradufu, na redio inayopokea huzishusha kwa kipimo kile kile. Maneno hurudi kama yalivyotoka kinywani, lakini shaa iliyoingia njiani haikunyanyuliwa na mtu, kwa hiyo yenyewe hushuka tu. Mwalimu alipotuchorea ubaoni tulimwomba arudie mara mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, si kila kelele ni ya kuchujwa. Nahodha mmoja alituletea malalamiko kwamba redio yake inalia. Tulipanda botini, tukawasha injini, na mlio ukawa unapanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini. Waya wa umeme wa redio ulikuwa umefungwa pamoja na nyaya za injini, na waya wa hasi umeliwa na chumvi. Tukapeleka waya mpya moja kwa moja kwenye betri, tukauvalisha pete ya feraiti inayozuia kelele za umeme zisipite kwenye waya. Mlio ukakoma, na redio yenyewe hatukuifungua.

Kwa manahodha mliopo tuna ombi. Kile kitufe cha skwelchi, kinachonyamazisha shaa wakati hakuna anayeongea, msikikaze kupita kiasi. Zungusheni mpaka shaa ikome, basi. Mkizidisha mtapata utulivu, lakini mtu aliye mbali, betri yake inaisha na sauti yake dhaifu, hatawafikia. Wala msipige kelele kwenye maiki: redio hukata vilele vya sauti iliyozidi, na neno huharibika kabla halijatoka chomboni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni vifaa vya kupimia. Tuna osiloskopu moja, kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi, kwa wanafunzi 14. Tunaomba jenereta ya mawimbi, kifaa cha kupima ukubwa wa mtikisiko wa FM, yaani masafa yanavyoyumba kutoka katikati ya chaneli, ambao haupaswi kuzidi kilohetsi 5, na zaidi ya vyote antena bandia ya omu 50, inayomeza nguvu ya redio isitoke hewani. Bila antena hiyo, kila jaribio letu la kurusha huenda hewani, nasi hatuko tayari kufanyia mazoezi kwenye chaneli ambayo mtu anaweza kuwa anaomba kuokolewa. Kwa sasa tunafundishwa kupokea, kurusha tunakusoma kwenye daftari.

Naomba kuwasilisha.