Mbegu haikabiliani na ukame

Mhariri,

Kitenzi "kukabiliana" kimebebeshwa mzigo usio wake. Magazetini wafanyakazi "wanakabiliana na mfumo mpya wa kompyuta", wastaafu "wanakabiliana na maisha mapya", na wakulima wanashauriwa kupanda "mbegu zinazokabiliana na ukame". Kukabili ni kuelekea kitu uso kwa uso; ukiongeza -an-, pande mbili zinatazamana, aghalabu kwa shari. Mbegu haimtunishii mtu kifua. Mbegu hustahimili ukame: jua linachoma, nayo haifi.

Himili na stahimili zimetoka katika Kiarabu, ukoo mmoja na hamali, yule mbeba mizigo. Nguzo huhimili paa bila kubadilika umbo. Hapa ndipo waandishi huteleza. Ukisema karani "ameustahimili" mfumo mpya, msomaji ataelewa kwamba bado unamkera ila amekaza roho. Kama sasa anautumia bila kufikiri, ameuzoea.

Na zoea lina uzao mkubwa. Mtu huzoea baridi moja kwa moja; "amezoea na baridi" ni kosa. Hiyo "na" huja watu wanapokuwa pande mbili: mgeni amezoeana na majirani. Akijitia bidii mwenyewe, anajizoesha kuamka alfajiri, akisaidiwa, anazoeshwa. Jambo likishakuwa la kawaida kwa wote, limezoeleka. Halafu kuna kufanya kazi "kwa mazoea", ambayo ni lawama: mambo yamebadilika na wewe hujashtuka. Ajabu ya lugha, neno la kuyapokea mabadiliko likikaa sana hugeuka kuwa la kuyapuuza.

Rekebisha hutaka kitu cha kushika: ratiba, bajeti, kiti cha dereva. Likirudi kwa mtu mwenyewe, jirekebisha, hunuka kosa lililotangulia. Kichwa cha habari "Wastaafu watakiwa kujirekebisha" kinawatuhumu watu ambao hawajakosa lolote, wametimiza umri tu. Kama kinachotakiwa ni matumizi yaendane na kipato kipya, si kiandikwe hivyo?

Kabla ya kuchapa, dawati la habari lijiulize: nani anabadilika hapa? Ikiwa ni kitu, kinarekebishwa. Ikiwa ni mtu, anazoea au anajizoesha. Ikiwa hakuna anayebadilika, kuna anayestahimili. Kukabiliana tuwaachie zimamoto.

Msomaji wenu