Barua kwa mwanangu: kabla hujasema Bikini ni salama

Mwanangu,

Salamu nyingi toka Mafia. Mama yako na wadogo zako wazima, na bibi yako ameniagiza nikuulize kama huko chuoni mnapata samaki wa maana.

Nimesoma habari ya mjadala wenu: je, watu wa Bikini, kule Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki, walioondolewa ili Marekani ijaribie mabomu ya nyuklia, warudi kwao? Unasema mtu leo anaweza kutembea pale, kuogelea na kulala bila madhara, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Mimi fizikia sikusoma, ila minazi naijua, na shauri lote hili limo ndani ya nazi.

Machi 1946 Wamarekani waliwahamisha watu 167 wakiwaambia ni kwa muda. Rongerik, kisiwa cha jirani walikopelekwa, walishinda na njaa. Mwaka 1948 wakaishia Kili, kisiwa kisicho na maji tulivu ya kuvulia kama ya kwao. Huku nyuma Bikini ikalipuliwa kwa mabomu ya nyuklia mara 23 hadi 1958. Bomu lililoitwa Bravo, la Machi 1, 1954, peke yake lilikuwa megatoni 15, yaani nguvu ya tani milioni 15 za baruti ya TNT, na majivu yake yenye mionzi yaliwaangukia watu wa Rongelap, kisiwa kingine cha huko.

Mwaka 1968 Rais Johnson wa Marekani akatangaza kwamba wanaweza kurudi. Minazi ikapandwa upya, nyumba zikajengwa, familia kadhaa zikarejea. Kumbe udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo mno, na kwa mmea sesiamu-137, sumu ya mionzi iliyoachwa na mabomu, hufanana na potasiamu. Mnazi ukaifyonza kwa pupa, ukaipandisha hadi kwenye dafu. Watu wakaambiwa wapunguze nazi, na kaa wa minazi wajihadhari naye kwa sababu ya stronshiamu, sumu nyingine ya mionzi. Wewe umekulia hapa hapa: nitajie nyumba itakayopika mwaka mzima bila tui, na minazi imesimama mlangoni! Sesiamu ikazidi kupanda miilini mwao, na mwaka 1978 wakaondolewa tena.

Ndiyo maana neno lako "salama" halinitoshi. Salama kwa nani, anayekula nini? Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipolichunguza jambo hili miaka ya 1990, walikadiria kuwa anayeishi kwa chakula cha Bikini tu angepata milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 15 hivi kwa mwaka, ilhali wastani wa mionzi ya asili duniani ni 2.4. Wakashauri watu wasirudi kuishi moja kwa moja hali ikiwa vile. Dawa waliyoipendekeza ni kumwaga mbolea ya potasiamu mashambani na kuondoa udongo kuzunguka makazi. Mbolea naikubali, maana mti ukishiba potasiamu huchukua sesiamu kidogo. Kukwangua kisiwa kizima siafiki hata kidogo. Utaondoa sumu pamoja na rutuba, kisha uwaambie watu walime mchanga.

Halafu kuna suala la imani. Watu wa Rongelap walirudishwa mwaka 1957 kwa ahadi hiyo hiyo ya usalama. Mwaka 1985 walihama wenyewe kwa hofu ya mionzi, kwa meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior. Vipimo walivyopewa miaka yote hiyo vilitoka kwa serikali ile ile iliyolipua. Wewe ungeiamini?

Sisemi wasirudi kamwe. Nguvu ya sesiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo Bikini ya leo si ile ya 1978. Lakini uamuzi uwe wa wenyewe, wazee pamoja na vijana waliozaliwa ugenini, na mpimaji wamteue wao.

Ukisimama kujibu, anza na vyakula vya siku moja vya mama wa Bikini na watoto wake, ndipo utaje milisiveti. Kisha waulize wenzako: magunia ya potasiamu yataletwa na nani, kwa miaka mingapi, na mchele utatoka wapi meli ikichelewa? Asiyeweza kujibu hayo asipige kura ya ndiyo. Niandikie walivyokujibu, na usisahau kumpigia bibi yako Ijumaa.

Baba yako