Aliyekimbia bila kuvuka Ruvuma hana wa kumdai

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini habari yenu ya juzi kuhusu watu waliokimbia makwao Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, imenishinda kunyamaza. Mmesema mataifa yana wajibu wa kuwalinda. Kwa sheria ipi?

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamhusu mtu aliye nje ya nchi yake. Mama wa Nangade, wilaya ya huko mpakani, akiwakimbia waasi akavuka mto Ruvuma kwa mtumbwi na kushuka upande wetu wa Tanzania, kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha kwenye hatari, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ina mamlaka ya kumsemea. Jirani yake aliyekosa nauli ya mtumbwi akashika njia ya Mueda, ndani ya Msumbiji, amewakimbia waasi walewale, na nyumba yake imechomwa usiku huohuo. Ila yeye yuko mikononi mwa serikali yake, na hakuna shirika litakalomfikia serikali hiyo isipotaka.

Zipo Kanuni Elekezi za 1998 za Umoja wa Mataifa kuhusu waliohama ndani ya nchi zao, alizozisimamia mwanadiplomasia Francis Deng: ziko 30, zote nzuri, na hazimfungi yeyote. Mwaka 2005 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaligawana majukumu, UNHCR ikapewa kuongoza ulinzi, lakini huo ni utaratibu wa kazi tu. Afrika angalau ilithubutu. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika kuhusu watu haohao, wa Oktoba 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012, unazibana nchi zilizouridhia, na Msumbiji imo. Kifungu cha 13 kinaitaka serikali iweke daftari la waliohama na iwape upya vitambulisho na vyeti vilivyopotea. Isipofanya, malalamiko yaende Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo kwa kawaida inataka kwanza mahakama za nyumbani ziwe zimemalizwa. Nani anayelala chini ya turubai huko Metuge, Cabo Delgado, ataweza safari hiyo?

Na hizo karatasi ndipo watu wanapoumia, Mhariri, nanyi hamkuzigusa hata kwa mstari mmoja! Nyumba ikiungua, bilhete, yaani kitambulisho cha Msumbiji, inaungua nayo. Asiye na bilhete akifika kwenye kizuizi cha barabarani anashukiwa kuwa mmoja wa waasi, hasa akiwa kijana. Laini ya simu hasajiliwi, na mtoto anasumbuliwa akitaka kufanya mtihani. Mgao wa chakula unafuata orodha za mitaa, na wengi wa waliohama hawako kambini, wamejibana kwa ndugu. Nyumba iliyoandikwa watu sita ikipokea wengine tisa, chungu ni kilekile mpaka orodha irudiwe. Wakirudi shambani wanakuta mtu mwingine analima, na shahidi wa mpaka ni mzee aliyekufa njiani au mkorosho uliokatwa kuni.

Tusiyaone haya kuwa mambo ya ng'ambo. Kitaya ilishambuliwa Oktoba 2020, na ni kijiji cha kwetu Mtwara. Januari mwaka huohuo mafuriko yaliwatoa watu majumbani Kilwa, na tafsiri ya Kampala inawahesabu wa mafuriko sawa na wa vita. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 haiwagusi wote hao, kwa kuwa hawakutoka nje ya nchi. Wanapewa blanketi na unga, kamera zikiondoka nao wanasahauliwa.

Nina ombi kwa halmashauri za mpakani na za mabondeni. Kabla ya mvua za Novemba, kila mtendaji wa kijiji aandike kaya kwa kaya: majina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, idadi ya mikorosho, na majina ya majirani wanne wa mpaka wa shamba. Nakala moja ikae wilayani na nyingine mkoani, maana daftari lililo ofisi ya kijiji linazama au linaungua pamoja na kijiji. Nanyi mtumeni mwandishi Kitaya akaulize kama daftari hilo lipo, kisha mchapishe jibu atakalopewa.

Msomaji wenu,
Tandahimba, Mtwara