Barua kwa vijana wetu walioko Marekani

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaokulia Marekani huku nyumbani mkiongea Kiswahili, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Bujumbura. Mwezi uliopita, harusini, nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake: "Sisi si kama wale weusi wa hapa." Iliniuma, maana najua alikoyatoa maneno hayo. Ni sisi wazazi tuliomlisha. Tulipofika, tukibeba maboksi zamu mbili kwa siku, tuliwakataza watoto wetu kucheza na watoto wa jirani, tukidhani tukijitenga nao tutaheshimiwa. Tulikosea, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Mnamkumbuka Patrick Lyoya. Alikuwa na miaka 26, na familia yake ilikimbia vita Kongo. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, askari alimsimamisha kwa sababu ya kibao cha namba za gari. Wakakamatana, na mwisho akampiga risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili. Mimi sikumngoja mkalimani. Uchungu ule niliuelewa neno kwa neno, kwa lugha ya mama yangu.

Sasa niambieni, ni nani waliojaa barabarani kumdaia haki? Ni wale mnaowakwepa. Mchungaji Al Sharpton, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alihubiri kwenye mazishi yake. Hakuna aliyeuliza kama marehemu ni wao au ni wetu.

Hata mlango tulioingilia waliupigania wao. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliwapa watu wa Ulaya karibu nafasi zote. Machi 1965 watu weusi walipigwa virungu kwenye daraja la Selma, Alabama, wakidai haki ya kupiga kura. Agosti mwaka huohuo sheria ya kura ikatiwa saini, na Oktoba ikafuata sheria mpya ya uhamiaji iliyofuta ubaguzi ule wa 1924. Nchi iliyokuwa inaona aibu ya kuwabagua raia wake ilishindwa kuendelea kubagua wageni mlangoni.

Najua wapo weusi wa hapa waliowacheka shuleni kwa lafudhi yenu. Hilo silifichi, na linauma. Lakini watu haohao, ambao mababu zao wengi walitolewa Afrika Magharibi, tangu 1966 wamekuwa wakisherehekea Kwanzaa, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka, kwa maneno ya Kiswahili: umoja, ujima, kujichagulia. Waliichagua lugha yetu wakati sisi tunaona haya kuiongea dukani.

Ninalowaomba ni hili. Aliyeamua kumshtaki askari yule ni mwendesha mashtaka wa kaunti. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, liliposhindwa kukubaliana, yeye ndiye aliyeamua kesi isirudiwe. Cheo chake hupigiwa kura palepale kaunti. Ninyi uchaguzi wa Dodoma na Kinshasa mnaujua hadi kata, lakini huyu hata jina lake hamlijui. Mwenye uraia ajiandikishe na apige kura zote, hata zile ndogo zisizotangazwa kwenye televisheni. Na ikija barua ya kukuita kukaa kwenye baraza la mahakama, usitafute udhuru. Wazee wale kumi na wawili ndio wanaoamua risasi ilikuwa halali au la. Asiyekuwapo na lake halipo.

Jirani yangu ni mama aliyezaliwa Alabama. Miaka kumi na mmoja tulikuwa tunapungiana mikono tu. Mwaka huu nilimpelekea chapati, akaniketisha, akanieleza jinsi baba yake alivyotozwa kodi ili aruhusiwe kupiga kura. Nilimsikiliza mpaka giza likaingia. Jumatatu ananipeleka kwenye mkutano wa bodi ya shule, na gari lake lina nafasi tatu nyuma. Mlio karibu nami, nipigieni kabla ya Jumapili.

Mzee wenu.