Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, haki ya Waogiek ipimwe kwa ekari, si kwa vikao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nairobi.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, kwa kuwafurusha kutoka Msitu wa Mau ulioko Bonde la Ufa. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na, kubwa zaidi, ardhi yao iwekewe mipaka na kupewa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Muda huo ulikwisha Juni 2024.

Hoja yangu ni jinsi serikali inavyojipima. Tukiuliza hukumu imefikia wapi, tunajibiwa kwa majopokazi na mashauriano. La kwanza liliundwa 2017. Waendorois, jamii ya wafugaji wa Ziwa Bogoria, ambao ushindi wao wa kesi ya ardhi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010, nao waliundiwa lao 2014. Hakuna mama anayeweza kumwonyesha askari wa misitu kumbukumbu za mkutano, askari akaacha kubomoa nyumba yake.

Kipimo kipo. Kiashiria 1.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa kinauliza watu wazima wangapi wana hati inayotambuliwa kisheria, na wangapi wanaona haki yao ya ardhi iko salama. Hilo la pili lina uzito wake Mau. Mwogiek anayetundika mzinga wa mtarakwa anajua mti ule ni wa ukoo gani, mpaka unafuata mto upi, na nyuki wahamie wapi maua ya bondeni yakiisha. Ujuzi huo wote haumo kwenye rejista yako. Novemba 2023, miaka sita baada ya hukumu, nyumba zilibomolewa Sasimwani, Narok. Waulize waliolala nje usiku ule kama haki yao iko salama.

Utaambiwa wanafurushwa ili kuokoa chemchemi za maji. Serikali ilitoa hoja hiyo Arusha ikashindwa: Mahakama ilisema uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek, ikataja wavamizi wengine, ugawaji wa msitu uliofanywa na serikali yenyewe, na vibali vya kukata mbao.

Ninachohofia zaidi ni takwimu za kupendeza. Wizara inaweza kukata msitu vipande, ikampa kila mtu chake, kisha ikahesabu kila hati kuwa ushindi huku ukoo umepoteza ardhi yake. Amri ni hati ya pamoja, na Kifungu cha 63 cha Katiba kinaziweka ardhi za mababu za jamii za wawindaji chini ya ardhi ya jamii. Kwa hiyo hati za binafsi zisihesabiwe kamwe kuwa utekelezaji wa amri hiyo.

Naomba uchapishe kila miezi sita: ekari ngapi zimepimwa, ngapi zina hati ya pamoja, fidia kiasi gani imeingia kwenye mfuko wa jamii, na watu wangapi wamefurushwa katika kipindi hicho. Wizara isihesabu peke yake. Wazee wa koo, wanawake na vijana wa Kiogiek wawepo mipaka inapotembelewa, na wakikataa takwimu, sababu zao zichapishwe kando yake. Jedwali la kwanza litoke kabla ya mwaka huu kwisha, kwa Kiswahili, na nakala zibandikwe kwenye ofisi za machifu Mau nzima.

Wako,
Mwananchi wa Kaunti ya Nakuru