Ufupi wa mashairi yao una sababu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu washairi wanawake watetezi wa haki za wanawake nchini Marekani. Nashukuru mmewakumbuka. Ila mwandishi aliposema kuwa ufupi wa mashairi yao ni dalili ya uvivu wa fikra, nilishindwa kunyamaza.

Audre Lorde, mshairi aliyewahi kuwa mkutubi New York na kulea watoto wawili, alilieleza jambo hili waziwazi mwaka 1980. Alisema ushairi ndio sanaa yenye gharama ndogo kuliko zote: unaandikika kati ya zamu na zamu, kwenye stoo ya hospitali, ndani ya treni, juu ya karatasi za kuokoteza. Riwaya inadai rimu za karatasi, taipureta na muda mrefu. Mama wa kazi za kutwa atavitoa wapi?

Mtazameni Lucille Clifton, mama wa watoto sita. Aliandika kwa herufi ndogo tupu, maneno ya kila siku. Shairi lake la kuzisifu nyonga zake halifiki mistari ishirini. Anasema ni nyonga kubwa, zinataka nafasi, hazienei penye ufinyu, hazijapata kuwa mtumwa wa mtu, na amewahi kuziona zikimzungusha mwanamume kama pia ya kuchezea. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa mwaka 1936 katika ukoo uliopitia utumwa. Lisome tena neno “mtumwa” ukijua hilo, kisha uniambie fikra imepungua wapi. Mimi kila nikilisoma darasani, wasichana wa nyuma huinua vichwa.

Kuna na suala la mshairi Adrienne Rich. Makala imemtaja kuwa mshindi wa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya mwaka 1974, basi. Rich alikataa kuipokea kwa jina lake pekee. Yeye, Lorde na Alice Walker, wote wakiwa wameteuliwa kuwania, walikubaliana kabla kwamba atakayeshinda ataipokea kwa niaba ya wanawake wote, hasa wale ambao sauti zao hazisikiki. Kuliacha hilo ni kuikata habari kiunoni.

Naomba toleo lijalo mtuwekee shairi moja la Clifton, zima, kwa Kiswahili. Litaenea penye nafasi ya tangazo dogo, na wasomaji watajipimia wenyewe.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro